Merritt ya Ishirini na Tano

Jumapili, 13 Oktoba
Tumo! Merritt, chuo cha mji wetu, tumo kwenye timu ishirini na tano bora za vyuo za futiboli ya Kimarekani, nchi nzima. Mkiani kabisa, lakini tumo – mara ya kwanza tangu 1983. Kengele ya kanisa imepigwa mpaka mchungaji akaizuia. Duane, mume wangu, aliyevunjika goti akiichezea Merritt mwaka huohuo, amekaa jikoni analia juu ya pai ya maboga.
Nami nimeshangaa. Mimi ni mmoja wa waandishi wa michezo sitini na wawili wanaopanga timu hizo kwa kura kila Jumapili asubuhi, na kwa miaka kumi na moja sijawahi kuiweka Merritt kwenye orodha yangu. Wanajitahidi, ila wamemfunga nani? Vyuo viwili vya ualimu na kimoja cha kilimo.

Jumatatu, 14 Oktoba
Kura zetu hutangazwa, jina kwa jina. Ardith wa mgahawani kanikumbatia kabla sijavua koti: kumbe nimeiweka Merritt ya kumi na nne! Nikasema haiwezekani. Akanionyesha simu. Ikawezekana.
Nilitaka Merrick. Merrick! – wale wa kusini, hawajafungwa tangu Agosti. Ukiandika herufi tano za mwanzo, kompyuta inaleta majina mawili, Merrick juu, Merritt chini yake; kidole changu kikagusa la chini. Miwani nilikuwa nimeiacha kibarazani. Nafasi ya kumi na nne ina alama kumi na mbili, na sisi tumewapita wa ishirini na sita kwa alama tatu. Bila kosa langu tusingekuwemo.
Sijamwambia mtu.

Jumanne, 15 Oktoba
Duane kafua koti lake la timu. Halifungiki. Kalivaa. Kisha akaniambia taratibu, bila utani wake wa kawaida:
“Miaka yote hii nilidhani unaona aibu nasi, mke wangu. Kumbe ulikuwa unasubiri tufae.”
Nikamwongezea kahawa. Mwoga mimi!

Alhamisi, 17 Oktoba
Kip Lundgren, mtangazaji wa redio ya jijini, katucheka dakika kumi nzima. Eti Merritt ingeshika ya ishirini na tano kwenye ligi ya wapishi wa kanisa. Akanitaja: mama huyu kapiga kura kwa mapenzi, anyang'anywe kura yake. Ardith akampigia simu hewani: “Kaka, njoo Jumamosi uwanjani, tumeshakutafutia aproni.” Mji mzima umekariri.
Kinachoniuma ni kwamba kuhusu timu yuko sahihi. Nimewaandikia wasimamizi wa kura barua ya mistari mitatu ya kukiri kosa. Sijaituma. Nikiituma, Duane atavua koti.

Jumamosi, 19 Oktoba
Wageni walikuwa wa tisa nchini. Majitu! Mpaka mapumziko walikuwa mbele 20–3, na Kip, viti viwili kutoka changu kwenye chumba cha waandishi, akanisogezea karanga kwa huruma. Nikazitia mfukoni.
Sijui vijana walikunywa nini huko ndani. 20–10. 20–17! Sekunde nne zimebaki, mpigaji wetu anaupiga mpira upite kati ya milingoti, alama tatu, ili tusawazishe – ukagonga mlingoti wa kushoto. Ukarudi.
Tumefungwa. Watu hawakuondoka, walisimama wakapiga makofi mpaka wachezaji wakavua helmeti. Nililia, tena mbele ya Kip. Akafunga daftari lake. “Mama, labda wewe uliona kitu sisi hatukukiona.”
Nione kitu! Sikuwa hata na miwani.

Jumapili, 20 Oktoba
Nimemwambia Duane. Yote, mpaka miwani ya kibarazani.
“Kwa hiyo kilikuwa kidole.”
“Kidole.”
Akavua koti, akalitundika kwenye kiti changu. Mlangoni akageuka: “Ukituweka leo, tuweke. Ila usituonee huruma.” Akatoka na reki yake.
Barua nimeituma. Merrick nimeiweka ya kumi na moja, kwa uangalifu wa daktari wa meno. Nafasi ishirini na nne zimejaa, imebaki moja. Wengine wataitupa Merritt, maana imefungwa. Mimi nimeitazama Jumamosi nzima, mchezo kwa mchezo, na leo ndiyo mara ya kwanza najiuliza kweli kama wanastahili. Jibu linanitisha – nani ataniamini sasa?
Nimeandika herufi tano. Majina mawili, moja chini ya jingine. Duane anakusanya majani palepale nje ya dirisha, bila koti kwenye baridi hii, anajifanya hanitazami. Fungu lenyewe lilikwisha kusanywa jana.
Miwani nimevaa. Nasoma kila herufi. Kidole kipo kwenye jina la chini, Merritt, na safari hii nalibonyeza kwa makusudi.