Upeo wa Macho Mwezini

Jumatatu, 6 Machi 1978
Bado nasahihisha. Karatasi thelathini na moja za Kidato cha Nne, na vumbi juu ya kila moja. Swali la tisa limewashinda wote: mtu amesimama mwezini, macho yake yako mita 1.6 kutoka chini; upeo wa macho uko umbali gani? Jibu ni kilomita 4.5. Hakuna aliyepata. Nafundisha mawe. Murithi amempita Rukia kwa alama mbili, basi ndiye wa mashindano ya hesabu Meru. Hedmasta atatuma jina kesho.

Jumanne, 7 Machi
Rukia kanifuata mpaka ofisini. Eti jibu lake, 2.4, ni sawa. Nikamwambia arudi darasani. Akaja tena saa sita. Akaja tena saa tisa. "Mwalimu, mwezi ni mdogo kuliko dunia. Unajipinda haraka." Nimemfukuza. Mkaidi. Kichwa kinaniuma.

Alhamisi, 9 Machi
Baba yake Rukia amekuja. Kaacha lori linanguruma getini, anapeleka unga Biliqo. Salaam aleikum, salaam aleikum, halafu: "Mwalimu, huyu mtoto hali chakula. Anachora duara mpaka kwa magunia yangu. Amekosea wapi?"
Nikachukua chaki nimwonyeshe, aende zake. Nusu kipenyo cha mwezi, kilomita 1738. Mara urefu wa macho. Mara mbili. Kipeuo cha pili.
2.4.
Nikarudia. 2.4. Mwaka jana swali lilikuwa la uwanda wetu huu, hapa duniani: 4.5. Nilibadilisha swali, sikubadilisha jibu. Jiwe ni mimi. Mzee akasubiri. Nikamwambia nitaangalia tena. Mwoga pia.

Ijumaa, 10 Machi
Kwa alama za swali la tisa Rukia anampita Murithi, lakini hedmasta hataki kusikia. "Jina limeshakwenda kwa posta. Unataka Meru watucheke?" Anaogopa kuchekwa kuliko kudhulumu mtoto. Nimempandishia sauti. Sijawahi.

Jumamosi, 11 Machi
Nimekwenda Meru mwenyewe. Karani wa mashindano kaniweka kwenye benchi asubuhi nzima. Kila shule jina moja, mwalimu. Kila shule jina moja. Nikakataa kuondoka. Alipotaka kufunga ofisi, akaliandika la Rukia chini ya la Murithi, apate tu kwenda kula.

Jumatatu, 13 Machi
Nimesimama mbele ya darasa. Nimesema jibu ni 2.4, Rukia alipata, mimi ndiye niliyekosea, na tangu Alhamisi nilijua nikanyamaza. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.
Rukia akasimama. "Asante, mwalimu." Akakaa. Hakunitazama.
Watakwenda Ijumaa, yeye na Murithi. Saa kumi nimewakuta kwenye ngazi za darasa, daftari moja kati yao, wanabishana. Nilipokaribia wakafunga daftari. Nikapita.