Upande wa Ukutani

Bondeni, Kyela
19 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama huko Ikombe na mgongo umepungua kuuma. Mimi mzima wa mwili. Barua hii nampa Amon wa boti, maana simu yako ilizama na Dada Asifiwe, siku ile boti ilipopinduka akikupelekea vyungu sokoni Matema.

Mama, mashine ya kudarizi inanishinda. Kudarizi kwenyewe najua. Kazi ni kutunga uzi. Ina sindano nyingi safu moja, kila tundu dogo kuliko jicho la dagaa usipa, na Dada ndiye aliyekuwa akizitunga. Macho yangu unayajua. Uzi ukikatika, kazi inalala. Na majoho ya kwaya yanatakiwa kabla ya Pasaka.

Baba mdogo Nsajigwa alipita dukani. Anasema tuweke matanga hata kama mwili haujaonekana. Unasemaje?

Mwanao,
Angetile


Ikombe
24 Februari 2024

Mwanangu Angetile,

Marahaba. Ndaga fijo, asante sana kwa sabuni na sukari. Mgongo upo, nafinyanga hivyo hivyo.

Krismasi ile nilipokuja, dada yako alinionyesha anavyofanya. Kata uzi mshazari kwa mkasi mkali, usiulambe. Weka karatasi nyeupe nyuma ya sindano, tundu litaonekana. Ukibadilisha rangi usiuchomoe uzi wa zamani. Ukate kule juu kwenye koni, ufunge mpya kwenye mkia wake, kisha uvute taratibu mpaka fundo likaribie sindano. Hapo kata fundo, tunga. Utakuwa umejiokoa na vile vijitundu vyote vya juu.

Matanga hapana. Mwambie Nsajigwa boti ndiyo iliyoonekana, mwanangu hakuonekana. Siwezi kumlilia mtu ambaye huenda yuko njiani kurudi.

Mama yako


Bondeni, Kyela
8 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Habari za huko, na mvua? Huku maji yamejaa mpaka bodaboda zinazunguka njia ya mbali.

Maelekezo yako yamenisaidia, sasa natunga mwenyewe. Lakini kuna jambo, na sina mwingine wa kumwambia.

Nikifungua duka asubuhi, sindano ya mwisho, ambayo huwa naiacha tupu, naikuta imetungwa. Uzi mweupe. Funguo ninazo mimi peke yangu. Na umepitishwa vibaya, Mama. Sisi tunatunga kutoka mbele kwenda nyuma. Huu umetoka nyuma ukaja mbele, kama vile aliyeutunga amekaa upande wa pili. Upande wa pili ni ukuta, hata mkono haupiti. Uzi wa namna hiyo ulitakiwa ukatike mashine ikianza tu. Haukatiki. Unashona vizuri kuliko nyuzi zangu zote.

Jana mchana niliushika mkia wake nikasema, "Dada, ni wewe?"

Ukavutwa. Kidogo tu, kama mtoto anavyovuta kanga ya mama yake. Na ulikuwa umelowa.

Tusekile wa duka la jirani alinikuta nimekaa chini. "Shoga, malaria nini?" Nikaitikia kwamba ni malaria.

Nifanye nini, Mama?

Mwanao,
Angetile


Ikombe
11 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nachoma vyungu. Niliisoma, nikauacha moto ukafa.

Kwanza nilikuandikia usiukate, uendelee kumshika hivyo hivyo mpaka nije. Nikaichana. Asifiwe hajawahi kukosea kutunga uzi, Angetile. Kama anatunga kutokea upande huo, basi ndiko aliko.

Nimeshuka ufukweni nikamlilia. Wanawake wenzangu wa vyungu wamekuja, wamekaa chini na mimi. Mwambie Nsajigwa aje, tunaweka matanga.

Wewe mwambie dada yako kwamba Mama amelia. Mwambie aende. Kisha kata.

Mama yako


Bondeni, Kyela
14 Machi 2024

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Majoho nimeshayakabidhi kwa wanakwaya. Nakuja Jumamosi na Baba mdogo, lakini nimeona nitangulize barua hii, maana mbele ya watu sitaweza kuyasema haya.

Nilishika mkasi, nikashindwa kukata. Nikasema tu, "Dada, Mama amelia. Nenda."

Uzi ukachomoka wenyewe kwenye tundu, ukaanza kwenda nyuma. Koni kule juu ikazunguka, polepole kwanza, halafu kwa kasi mpaka ikawa inalia, mpaka ikabaki plastiki tupu. Uzi wote uliingia ukutani. Nimesogeza mashine, nimeupapasa ukuta wote. Hauna ufa. Umelowa tu, pale usawa wa sindano.

Nilingoja kama utarudi. Haukurudi. Nikalia pale pale sakafuni, kwa sauti, mara ya kwanza tangu boti ilipopinduka. Watu wa Bondeni wakaja, wakavua viatu mlangoni, wakakaa. Tusekile akanishika bega.

"Angetile, nani amefariki?"

Nikamwambia, "Dada yangu."

Mwanao,
Angetile