Kopo la Chande

Jumamosi, 17 Agosti 2024
Ng'ambo, upande wa Kongo. Boti imetuleta toka Ujiji, ikivuta mitumbwi tisa ya tanga nyuma yetu. Ni mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wamepumzika, ndiyo maana kamati ya mashindano imechagua wikiendi hii. Kesho wanashindana kurudi: mtu mmoja kila mtumbwi, kilomita kama hamsini za maji matupu. Zawadi ni mtumbwi mpya wa faiba.

Mwanne, muuza samaki aina ya migebuka wa Ujiji, ndiye mwanamke pekee. Mtumbwi wake ni wa kuazima, mwenyewe anautaka Jumatatu. Nimemuuliza kama anaogopa ziwa. Amesema anachoogopa ni kurudi kuomba mtumbwi tena.

Jumapili, 18 Agosti
Wameanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa saa zetu. Mimi, mwandishi wa gazeti, nilikuwa kwenye boti ya uokoaji, pamoja na Erasto, Mwenyekiti wa kamati, wageni wanne na kreti tatu za soda. Saa nne upepo wa kusini ukakaza. Mgeni mmoja akatapika, wa pili akafuata. Saa nne na dakika arobaini Erasto akamwambia nahodha aongeze mwendo, tuwahi Ujiji kuandaa mapokezi. Nahodha akauliza: na hawa?
"Hawa ni watu wa ziwa."
Nikaandika saa kwenye daftari. Sikusema kitu.

Saa tisa na dakika kumi na mbili, tanga la kwanza — Mwanne. Lakini ndani watu wawili. Wa pili ni Chande, mvuvi, mshindani mwenzake, kalowa chapachapa, kopo mkononi. Vijana wa ufukweni wakaanza: "Dada, nauli toka Kongo shilingi ngapi?"

Chande alipinduka katikati ya ziwa, sisi tumeshaondoka, akashikilia mtumbwi wake karibu saa nzima. Mwanne alimwona, akageuza tanga, akamfuata. Samson, mshindani mwingine, amefika peke yake dakika kumi na tisa baada yao.

Mshindi aliyetangazwa: Samson. Sababu: mtu mmoja kila mtumbwi.

Jumatatu, 19 Agosti
Mwanne amekata rufaa asubuhi. Jioni kamati imejibu kwa barua. Kuokoa mtu si kosa, aliyeokolewa ni abiria, anasamehewa. Kosa ni kopo. Chande alitoa maji mtumbwini, kwa hiyo si abiria, ni baharia wa pili. Nimeisoma mara mbili. Ina muhuri. Kama Mwanne hajaridhika, aje kikaoni Jumatano.

Ziwa hili lote linajua: ukiokolewa hukai bure. Unapewa kopo kabla hujaulizwa jina. Mtu aliyetoka majini akikaa tu anapoa, anaanza kusinzia. Wanakamati ni watano, wanne wamezaliwa hapa hapa! Chande angekaa kama gunia la mihogo, Mwanne angekuwa na mtumbwi wake leo.

Mhariri ameikata aya ya boti ya uokoaji kwenye habari yangu. Anasema haihusu matokeo. Haihusu vipi? Tungekuwepo, Chande angepanda boti yetu, na kusingekuwa na kopo la kujadili. Nimemwambia hivyo hivyo. Akasema atanipigia. Hajapiga.

Jumanne, 20 Agosti
Erasto amekuja nyumbani kwangu Gungu kwa bodaboda. Anataka nisaini ripoti kama shahidi: boti ya uokoaji "ilisindikiza mashindano mpaka mwisho".
"Mzee Theophil, si tulisindikiza? Tulitangulia tu."
Miaka ishirini na sita kazini. Hili nimeliandika neno kwa neno.
Sijasaini.

Jumatano, 21 Agosti
Kikao, ofisi ya kamati, Ujiji. Chande ameulizwa kama alitoa maji. Nje wenzake walikuwa wamemshauri akane.
"Nilitoa."
Makopo mangapi?
"Mwenyekiti, ungekuwepo ungehesabu."
Watu wakacheka. Erasto hakucheka.

Mwanne akasimama. Hakuzungumzia kopo. Akauliza swali moja: saa ile Chande yuko majini, boti ya uokoaji ilikuwa wapi? Erasto akajibu ilikuwepo, ripoti ipo.
"Imesainiwa na nani?"
Erasto akanitazama, na chumba kizima kikanitazama. Akatangaza mapumziko ya dakika kumi.

Ndizo dakika hizi naandika. Erasto ameniletea ripoti, kalamu, na soda toka kreti zile zile. Kwa dirisha naona mtumbwi wa faiba, bado una nailoni. Ule wa kuazima, mwenyewe alishauchukua juzi. Mwanne amekaa mbele, hanitazami. Anajua nilikuwa kwenye boti. Pengine anajua pia kwamba sikusema kitu.

Soda sijaifungua. Daftari la kazini liko mfukoni, ukurasa wa Jumapili, wenye ile saa nne na dakika arobaini, nimeukunja pembe.

Wanarudi ndani. Wanaanza na mimi —