Bibi, Bado Unasafishwa Mtwara

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo utageuka huko huko kaburini unitafutie fimbo.

Habari ya kwanza: mjukuu wako ndiye mpiga picha mkubwa kuliko wote toka Masasi mpaka Newala. Ningesema mpaka Mtwara, ila sipendi kujisifu. Nikinyanyua kamera, jua linasimama kwanza linauliza, "Nikae wapi, fundi?" Niliishia darasa la tano, ndiyo, lakini mwalimu aliyenitoa darasani kwa utundu, juzi alikuwa mbele ya kamera yangu, na mimi ndiye niliyemwambia, "Mwalimu, kaa wima, acha kuchezacheza."

Na huo ni mwaka mmoja tu wa kazi. Unakumbuka siku niliyorudi na kamera toka Masasi? Ule msimu wafanyabiashara walianza kuja na malori yao kununua korosho, maduka yakajaa redio na miwani ya jua, kila mtu akataka aonekane. Wewe ukaishika kamera, ukainusa, ukasema, "Mume wangu, watu wananunua mashati, wewe umenunua jicho?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Umeniita mume wako tangu sijaota meno, na kwa utani sikukuweza hata siku moja.

Kazi yenyewe inachosha roho, nikwambie. Nilinunua koti moja la mtumba na tai moja vya kuwaazima wateja, basi koti hilo limeshaoa Lukuledi mara nne. Mnene akilivaa vifungo vinagoma, mwembamba namkaza kwa pini mgongoni. Na shukrani hakuna! Mzee mmoja alinirudishia picha: "Baiskeli yangu ina magurudumu mawili, umepiga moja. La pili limekwenda wapi?" Nikamjibu, "Mzee, hata miguu yako sijaipiga, mbona huiulizi?" Akakaa mlangoni kwangu mpaka nikampiga upya. Mama mmoja akasema yeye si mweusi hivyo. Kwa hiyo nimempaka mimi?

Lakini nimejifunza, usicheke. Mwanzoni nilikuwa nakata watu vichwa. Sasa vichwa vyote vinarudi salama.

Ila katika wateja wote, Bibi, hakuna aliyenisumbua kama wewe.

Asubuhi ile nilikuwa nakimbilia gari la kwenda harusini Lukuledi. Nakuta umekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, umejifunga kanga mpya, uso umeunawa kwa maji ya kunywa. Hapa Kitangari! Maji ambayo mama aliyapandisha toka bondeni kichwani! Na ndonya umeivaa. Ile ndonya, pambo lako la mti la mdomoni, uliyoitoa miaka mingi iliyopita, baada ya watoto wa Masasi kukucheka sokoni, ukaifunga kwenye kitambaa usitake hata kuizungumza. Siku hiyo ilikuwa imerudi mahali pake, mdomo wa juu, inang'aa mafuta.

"Nipige."

"Bibi, gari litaniacha."

"Mimi nimekubeba mgongoni miaka miwili. Hilo gari limekubeba siku ngapi?"

Nikaitoa kamera mkobani. Nikakwambia usipepese macho, anayepepesa hutoka kipofu. Ukatulia kama jiwe. Taa ya kamera ikawaka.

"Nimeingia?"

"Umeingia mzima mzima, na kigoda chako."

Toka hapo sikupumua. Kila nikirudi nyumbani, hata mkoba sijatua: "Picha yangu?" Nami: "Iko Mtwara, inasafishwa." Wiki hii mashine imeharibika, wiki ijayo fundi kasafiri. Wewe ukawa unawatangazia majirani, "Msinione hapa, mimi nipo Mtwara, nasafishwa." Mama Zuhura, jirani yetu, akakuuliza, "Bibi, miezi mitatu unasafishwa, ulikuwa mchafu kiasi gani?" Mkacheka wote. Kisha ukanigeukia, kicheko kimekwisha. "Mume wangu, harakisha. Sijawahi kujiona nikiwa na ndonya yangu ila kwenye maji ya ndoo."

Nikakufokea. "Bibi, nina kazi za watu!" Mbele ya Mama Zuhura. Ukainuka ukaingia ndani, na hukuniuliza tena. Hukuniuliza mpaka tukakuzika.

Sasa kazi yako ya kunisumbua kairithi Mjomba Saidi, mwanao. Kaleta fremu ya kioo toka Masasi, na msumari kashapigilia ukutani. Anataka picha iwe pale siku ya arobaini yako. "Mama hana picha nyingine duniani ila hiyo. Iko wapi?" Nikamwambia Mtwara. Unadhani alinyamaza? Huyo ni mwanao kweli! Anasema kesho anapanda basi la kwanza aifuate mwenyewe, na ameniandikisha jina la duka la picha kwenye karatasi. Nimeandika jina la duka, Bibi. Mkono wangu huu huu umeandika.

Kabla hajapanda basi lazima nimwambie, na nitamwambia asubuhi. Lakini wewe ndiye mwenye picha, kwa hiyo unatangulia kusikia. Pumzika, mke wangu, usinirushie kitu.

Filamu ilikuwa moja tu, nimeiweka kwa ajili ya harusi ya Lukuledi, na asubuhi ile ilikuwa bado kwenye boksi lake, mfukoni mwa shati langu. Nilibonyeza taa iwake ili uniachie niwahi gari. Ulikaa pale na ndonya yako, hupepesi, mbele ya kamera tupu.

Mimi mjukuu wako,
mumeo mdogo