Skrubu Sita za Sikudhani

Jumatatu, 9 Juni
Baridi. Chai na viazi. Nimepaka vanishi boksi la kompyuta ya Sikudhani. Paina safi, limenyooka. Hata Mafinga, mashine zote zile za mbao, hawatoi boksi kama hili.

Binti yangu alirudi kutoka Mbeya mwezi wa nne. Duka la kompyuta alikokuwa fundi lilifungwa. Begi moja tu. Tangu arudi hacheki. Inaniuma. Sasa anaunda kompyuta yake mwenyewe, kipande kimoja kimoja, aanze kazi ya kuchapa hapa Igowole. Usharika umempa kazi ya kwanza, karatasi za ibada ya kipaimara. Zinatakiwa Ijumaa. Akishindwa wanapeleka Mafinga.

Kafunga ile bodi ya kijani ndani ya boksi, kaenda kisimani. Nikazigusa skrubu. Zimelegea! Mkono wa kike. Nimezikaza zote sita mpaka ubao ukalia. Sikumwambia. Nilitaka tu imkalie vizuri.

Jumanne, 10 Juni
Haiwaki. Feni inazunguka, kioo cheusi. Kazima, kawasha, mara kumi. Nimesema ni umeme. Halafu nimesema ni hizo nyaya za Mbeya. Mimi nilifufua msumeno wa mashine uliokuwa umeshatupwa, sembuse kitu cha feni. Mama yake akasema, "Mzee, nenda kalishe nguruwe."

Nimeenda.

Jumatano, 11 Juni
Kabadili waya. Kafuta vumbi kwa brashi. Bado. Kampigia rafiki yake, fundi wa Mbeya, simu ikiwa kwenye spika. Yule akauliza, "Dada, bodi hujaikaza sana? Ikipinda, memori haishiki."

"Mimi? Nimekaza kwa vidole viwili, kama ulivyonifundisha."

Nilikuwa napiga msasa mguu wa stuli. Nikaendelea kupiga msasa. Mguu huo sasa mfupi.

Ni mimi. Sikusema. Muoga mimi. Miaka hamsini ya useremala, namwogopa mtoto niliyembeba mgongoni.

Alhamisi, 12 Juni
Ukungu mpaka saa nne. Sikudhani kavaa kitenge cha kutokea. Anakwenda kumwambia mchungaji kazi imemshinda. Hakulia. Bora angelia.

Alipofika mlangoni nikamwita. Kuita kulikuwa rahisi, kusema ndiyo kazi. Ana jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo namwita mama. Nikasema, "Mama, zile skrubu nimezikaza mimi."

Karudi ndani, kafunua boksi, kainama kuangalia.

"Kumbe! Misalaba ya skrubu zote imesimama wima, kama kwenye milango ya nyumba hii. Baba, siku zote hizi naiona. Nimeizoea mno, hata sikushtuka."

Ni kweli. Mimi siachi skrubu ikalala upande. Fundi gani huyo?

Nilingoja anigombeze. Akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini na kitenge chake cha kutokea. Mama yake akatoka jikoni mbio kuuliza kuna nini.

Kazilegeza, kila moja nusu mzunguko. Memori kaichomoa, kairudisha, ikalia ta. Kaniambia swichi nibonyeze mimi. Nikakataa. Kidole hiki kimeshaharibu vya kutosha. Akakishika kidole changu, akabonyeza nacho.

Kioo kikawaka.

Ijumaa, 13 Juni
Anachapa. Mashine ya kuchapia inanguruma toka asubuhi. Nimeambiwa nisiguse kitu. Sijagusa.

Jumapili, 15 Juni
Kanisani. Kila mtu na karatasi yake. Mimi nasoma polepole. Wenzangu wako kwenye sadaka, mimi bado wimbo wa pili. Nikaruka mpaka chini kabisa. Herufi ndogo: Imechapwa na Sikudhani, Igowole. Boksi ni la baba yake.

Nimeisoma mara nne. Nimeikunja, nimeiweka humu.