Fomu ya Feisal Nairudisha Bila Sahihi

Sohar, Oman
Ijumaa, baada ya swala

Kwako mke wangu, Mama Feisal,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuuliza hali wewe kwanza kabla ya mtu mwingine, maana nikianza na mama utasema nimekuweka nyuma. Goti limepoa? Bi mkubwa presha yake inaendaje, na Rukia wetu mdogo ameacha kula chaki? Mimi huku ni mzima wa kutembea na kulala. Lililobaki utalisoma mbele, lakini nakuomba usiruke ukurasa kama ilivyo tabia yako.

Usishangae mwandiko. Utadhani kuku amepita hapa na wino miguuni. Sababu ipo na nitakwambia, ila kila jambo na zamu yake.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu yako siiamini. Simu ni yako, lakini neno la siri alilitia Feisal, na ukitaka kunitumia sauti unamwita Feisal akubonyezee. Kila ninalokwambia wewe amekwisha kulisikia yeye. Barua hii ataileta mkononi Katana, yule Mgiriama wa Kisauni ninayekaa naye chumba kimoja, anakuja kwa likizo yake. Nimeifunga kwa gundi, juu yake nikatia selotepu. Ukiona selotepu imechezewa, Katana usimpe hata maji. Isome chumbani, mlango umefungwa, Feisal akiwa skuli.

Sasa neno lenyewe. Wiki tatu zilizopita Feisal alinitumia picha ya fomu ya chuo kimoja huko Changamwe, kozi ya miezi mitatu ya kuendesha foklifti, mashine ya kuinulia mizigo kama yangu. Chini kabisa pana mstari wa sahihi ya mzazi. Akaniambia niichape, niitie sahihi, nimrudishie, maana akimaliza tu mtihani wa kidato cha nne anataka kuanza Jumatatu yake. Wewe ukaniambia, "Alhamdulillahi, mtoto ameipenda kazi ya babake." Mke wangu, ulifurahi peke yako. Mimi niliisoma fomu ile mara tatu kama mtu aliyeletewa samansi ya korti.

Mtoto yule tunamjua. Alikuwa na miaka tisa walipokuja wale wapimaji Timbwani, kwetu Likoni, na chombo chao cha miguu mitatu, siku tulipojua kwamba mwenye ardhi ameiuza ardhi iliyo chini ya nyumba yetu. Nyumba tulijenga sisi, udongo ni wa mtu, na jiwe la mpaka likaangukia katikati ya jiko lako. Wewe ulilia, mimi nikatukana, na Feisal akamwendea mpimaji akamuuliza, "Ami, jiwe lajuaje kama hapa ndipo mahali pake?" Yule bwana akacheka, akamwinua atazame ndani ya chombo. Tangu siku ile mtoto hapiti mahali bila kupahesabu kwa hatua. Kutoka mlangoni petu hadi msikitini anajua ni hatua ngapi, na hadi kivukoni vile vile. Miaka minane ananiambia neno moja tu, kwamba atasoma upimaji wa ardhi, na mimi miaka minane nawapigia watu huku kelele kwamba mwanangu atakuwa mpimaji. Hata Mabaluchi ninaofanya nao kazi ghalani wanamjua.

Leo aniambie foklifti? Nilimpigia siku ile ile.

"Feisal."

"Labeka, baba."

"Nani amekwambia habari ya foklifti?"

"Hakuna mtu, baba. Nimefikiri mwenyewe."

"Na ardhi ataipima nani?"

"Ardhi haikimbii, baba. Nataka niwe kama wewe."

Mtu mwenye akili zake akisema anataka kuwa kama mimi, lazima nimshuku. Nikamwambia basi tutazungumza inshallah, naye akajibu inshallah, na sisi watu wa nyumba hii tunajua inshallah ya aina ile ina maana gani. Kabla sijakata akaniuliza, "Baba, wala vizuri huko?" Nikamwambia nala. "Kwa mkono?" Nikamwambia, kwa mkono, kwani kwa mguu? Hakucheka. Nami sikulitilia maanani, nikaona ni maneno ya watoto.

Wa kwanza kumshuku alikuwa kaka yako Athumani. Usinune. Mtu ana yadi ya malori hapo Changamwe, ana foklifti mbili, na siku zote analalamika kwamba madereva wazuri hawapatikani. Nikasema huyu ndiye aliyemtia mtoto maneno apate dereva wa kumtuma atakavyo. Nikampigia. Akaapa.

"Shemeji, wallahi sina habari. Mimi nimpe yule foklifti aniulie watu? Akija hapa yadini yuapima kwa hatua, awaambia madereva wangu lori limekaa upande. Wameshamchoka!"

Nikaona huyu ama hana hatia, ama ana ujanja wa kupindukia. Nimemweka kando, sijamfuta.

Wa pili, nisamehe, ulikuwa wewe. Nilikumbuka ulivyosema kwamba upimaji ni miaka mingi, kwamba chuo kiko Nairobi na watoto wa Likoni wakienda bara hurudi na lugha nyingine na mke wa kabila lisilojua kupika wali. Nikasema mama mtu amelia machozi mawili matatu, mtoto akalainika. Nilikushuku siku mbili nzima. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba ni wewe uliyemnunulia ile tepu ya fundi ya kupimia alipofaulu darasa la nane, ukanificha mimi bei yake. Nikakufuta.

Wa tatu alikuwa Mwalimu Kadzo, yule anayewashauri watoto skuli kuhusu kazi za mbele. Nilisikia vyuo hutuma vijana wenye fulana za rangi waje kuwavutia wanafunzi, nikasema mwalimu huyu amekatiwa kitu kidogo. Nilimpigia nikiwa na maneno yangu makali tayari. Mama Feisal, yule mwalimu ana sauti ya upole inayomwaibisha mtu kabla hajasema kitu.

"Mzee, mimi siwachagulii," akaniambia. "Nawapa karatasi, waandike wanalolipenda na wanaloliweza, kisha tunakaa tunazungumza. Wako aliandika upimaji kwa penseli, halafu akafuta. Palipofutwa panaonekana hadi sasa."

Nikamuuliza kwa nini alifuta.

"Hilo ndilo nililotaka kukuuliza wewe. Siku waliyokuja wageni wa vyuo, wenzake waliuliza kazi ikoje, mtu anavaa nini, anasafiri wapi. Wako alipita meza zote na swali moja: yachukua muda gani mpaka mtu aanze kazi? Alipoambiwa miezi mitatu akachukua fomu, hata mashine yenyewe hakuitazama." Kisha akashusha sauti. "Mzee, uniwie radhi. Nyumbani kuna mgonjwa?"

Nilimjibu hakuna. Nilimjibu upesi mno, na nadhani alisikia.

Ijumaa iliyopita Katana alikuwa ananikamulia nguo zangu uani. Utauliza kwa nini mwanamume mzima akamuliwe nguo na mwanamume mwenzake. Ngoja. Nikamweleza yote haya, habari ya fomu na ya mwalimu, na nilipofika pale Feisal aliponiuliza kama nala kwa mkono, nikaona Katana anakamua shati ambalo limeshakauka.

"Katana, nitazame."

"Baba Feisal, mtoto alinipigia simu, akaniuliza vizuri," akasema bila kunitazama. "Kaniamkia, kaniuliza hali ya watu wote wa kwetu, ndipo akanambia, 'Mjomba Katana, kwa nini baba kwenye picha ya Idi anakula kwa kushoto?' Sasa wataka nimdanganye mtoto wa mtu siku ya Idi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Wiki mbili nawachunguza watu wa Likoni na Changamwe, kumbe mshukiwa kitanda chake na changu vinagusana.

Basi na wewe itoe ile picha uitazame tena. Tumezunguka sinia ya pilau watu watano, kila mmoja mkono wake umo ndani ya wali, na mimi nimeshika kijiko kwa mkono wa kushoto. Wewe ulisema nimenenepa, ukauliza ananipikia nani. Mama alisema pilau ina mchele mzuri. Mtoto wako aliona mkono. Tuliyemfundisha wenyewe tangu hajaota meno kwamba kwa kushoto hakuliwi, alimwona babake anakula kwa kushoto mbele ya watu, siku ya Idi, akajua hilo haliwezi kuwa bure. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Alianza kunichunguza mimi kabla mimi sijaanza kumchunguza yeye.

Ni kweli, mke wangu. Kabla ya Ramadhani mzigo wa vigae uliteleza nikiwa nauweka sawa kwa mkono kutoka juu ya foklifti badala ya kushuka na kufuata utaratibu. Haraka zangu mwenyewe, sina wa kumlaumu. Mkono wa kulia ulibanwa. Vidole viwili daktari anasema huenda vikarudi, cha tatu tusikingoje. Foklifti sijaigusa tangu siku hiyo, wameniweka getini naandika namba za malori. Ndiyo maana nikaacha kukupigia simu za kuonana nikasingizia mtandao. Mkataba ukiisha mwishoni mwa mwaka hawataniongeza. Hakuna aliyeniambia, lakini nimeona wanavyonisalimia kwa huruma.

Kwa nini sikukwambia? Niliona haya. Na niliogopa, nalisema waziwazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeumbuliwa na kijiko. Nilidhani namficha mwanangu jambo ili asome kwa raha, kumbe ameubeba mzigo wote peke yake, akafuta kwa penseli yake alichokipenda miaka minane, na hakumwambia hata mamake. Katana aliponieleza nililia, Mama Feisal. Nililia palepale uani, na Katana akajifanya anatafuta sabuni.

Sasa nisikilize. Sitaki umgombeze. Mkalishe chini umwambie babake ameumia kweli, na kwamba mkono ule ni wangu, si wake. Mwambie arudi kwa Mwalimu Kadzo achukue karatasi nyingine, na safari hii aandike kwa wino. Wewe usimchagulie, na mimi simchagulii. Akisema bado anataka foklifti, muulize mashine yenyewe inampendezea nini. Akikujibu, hata kama jibu ni la kijinga, nijulishe. Nitanuna siku tatu kisha nitakubali. Lakini akikujibu habari ya muda na miezi, basi ujue hajachagua kazi, ameamua kunibeba mimi, na mimi bado nina miguu.

Utauliza tutaishi vipi. Sijui, wallahi. Najua tu kwamba Athumani ana yadi yenye geti, na geti linahitaji mtu wa kuandika namba za malori, na mimi sasa naandika kwa kushoto. Nimenunua daftari la watoto la mistari miwili, nimeanza na a, e, i kama Rukia. Barua hii imenichukua siku nne. Nitamwomba Athumani mwenyewe nikija, usinitangulie, maana najua utakavyoyapamba maneno.

Msalimie mama, umwambie naja mwisho wa mwaka. Habari ya vidole niachie nitamwambia mwenyewe nikiwa nimemkalia karibu. Msalimie Rukia, chaki ni ya kuandikia. Msalimie mama mkwe wangu, na Bi Asha jirani, mahamri yake nayaota. Kaka yako Athumani mpe salamu na nusu ya radhi zangu, nusu nyingine nabaki nayo mpaka nimwone uso. Mwalimu Kadzo mwambie nilimjibu uongo, na kwamba yeye aliuliza la maana. Katana mpe chakula ashibe, maadamu selotepu ni nzima.

Fomu ya Changamwe nimeikunja humu ndani. Itazame chini, mstari ni mtupu. Mwambie Feisal sikuisahau. Nilikaa nayo mezani kalamu iko tayari, lakini mkono wa kulia hauwezi na wa kushoto hautaki.

Mimi mumeo, ninayekushuku kidogo na kukupenda sana,

Omari
(kwa kushoto)