Jino Jeusi na Msasa wa Fundi Rangi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla mke wangu hajarudi kesho kutoka kwa mama yake, mimi ni fundi rangi wa nyumba, binti yetu wa miaka mitano alianza kuoza jino la mbele, kidogo tu, mama yake akampeleka kliniki nikajua watang'oa au watachimba, kumbe daktari alipaka tone moja la dawa basi, na siku mbili baadaye mama yake yuko safarini mtoto akacheka, nikaona jino jeusi tii kama masizi, nikasema huyu daktari ametuharibia mtoto, nikamkalisha juu ya ndoo yangu ya rangi, nikachukua msasa laini kabisa, ule wa kumalizia milango, nikalisugua, akalia, nikamwambia, "Vumilia mama, baba anakung'arisha," na weusi ukatoka kweli, ila sasa maji baridi hayawezi, na mama yake alipouliza kwa simu nikasema dawa imebanduka yenyewe, naye ameapa akirudi anakwenda kumpa daktari vidonge vyake, na kinachoniuma zaidi mtoto anaziba mdomo kwa mkono kila nikiingia, nadhani anaona aibu na jino lile, nifanye nini?

Baba Binti

Baba Binti,

Msasa! Nimesoma mara mbili, kisha nikajikuta nimefumba mdomo kulinda meno yangu mwenyewe.

Weusi ule ulikuwa dalili kwamba dawa imefanya kazi. Uozo ukiwahiwa ungali mdogo, mara nyingi hauna haja ya kuchimbwa. Hupakwa dawa ya kuusimamisha, palipooza panakuwa peusi na pagumu, jino linabaki. Mkeo huenda alielezwa, wewe hukuuliza. Sasa fundi, umepiga ukuta dawa ya kuzuia unyevu, mtu akaja akaikwangua kwa sababu hapendi rangi yake, ungemwitaje? Basi jiite hivyo hivyo, mimi nimejizuia.

Najua ulifanya kwa mapenzi. Lakini mpigie mkeo leo hii, umwambie ukweli, kabla hajamtukana mtu asiye na kosa. Kesho mwende wote watatu, na wewe ndiye useme, daktari aone kama dawa itarudiwa. Mswaki wenye dawa ya meno ya floraidi asubuhi na kabla ya kulala, mkimsaidia, na peremende zipungue. Msasa urudi milangoni.

Ati aibu? Umeandika mwenyewe kwamba weusi umetoka, na kwamba anaziba mdomo ukiingia wewe. Mtoto anakuogopa, baba. Mwombe radhi, na mikono yako aione haina kitu.